Matundu Matatu Upande wa Kushoto

Mzee Suud alikuwa na maringo ya macho. Wenzake waliringia watoto waliosoma, wengine magari. Yeye aliringia macho yake. Ukimpelekea picha kwenye duka lake la fremu, uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, aliitazama mara moja kwa mbali, akataja urefu na upana wake, ndipo akachukua rula ya chuma ili ujionee mwenyewe kwamba hakukosea. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja, na mara nyingi alipatia, jambo ambalo halikumsaidia kubadili tabia.

Jumatatu asubuhi aliingia dukani Stella, dada wa marehemu Vitalis, amebeba kifurushi kilichoviringwa kwenye kanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni tena. Arobaini lini?"

"Jumapili hii. Nataka hii iwe ukutani siku hiyo, nyumbani Magomeni. Ndugu zetu wa Masasi wanakuja, waone na wao kazi aliyokuwa anaifanya."

Suud alifungua kanga. Ilikuwa karatasi nene nyeupe, na katikati yake mraba mweusi uliokwaruzwakwaruzwa, wenye ukungu wa kijivu. Mstari mmoja mnene ulishuka kutoka juu, umeinama kidogo, na pembeni yake vijimistari vilivyochipuka na kufia njiani. Kushoto kwa mstari huo palikuwa na matundu matatu meusi, moja juu ya jingine. Mstari ulipofika usawa wa tundu la juu, ulikatika. Chini, kwa penseli: 14 Januari. Hayo tu. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna hata jina.

Aliigeuza mara mbili. "Juu ni wapi hapa?"

"Hapo mstari unapoanzia, baba."

"Na ni kitu gani?"

"Kule karakana alikojifunzia kuchora wanasema ni mistari tu, ya kisasa, haina haja ya kuwa kitu. Lakini mimi aliniambia ni nguzo. Ile ya andagraundi, pale alipokuwa analinda. Alisema inamnyima raha."

Suud alishtuka, ingawa usoni hakuonyesha. Vitalis alikuwa mlinzi wa ghorofa la Abdulhadi, mitaa miwili kutoka hapo. Kwa miaka minne zamu zake alizikalia huko chini ya ardhi, kwenye kona ambayo Abdulhadi alikuwa ameizungushia mbao na kuifanya stoo, hadi figo zilipomshinda na kumuua. Mwezi wa tano mbao zile zilibomolewa, kona ikawa duka. Na aliyepewa duka hilo alikuwa Huda, binti wa Suud.

Huda alikuwa amerudi kwa baba yake na masanduku mawili na talaka. Miezi minne hakutoka nje. Ndipo Suud alipokwenda mwenyewe kwa Abdulhadi, akakaa sebuleni kwake Upanga, akatumia jina la ukoo na urafiki wa baba zao, mpaka akapata ile kona. Sasa Huda alikuwa akiuza mabaibui na mitandio, na alikuwa ameanza tena kucheka kwa sauti. Nguzo yenyewe ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Ilikuwa na matundu matatu mahali palipong'olewa boksi la mita ya umeme, na ilikuwa na ufa.

Abdulhadi alisema ufa ule ni wa plasta, upo tangu enzi za marehemu baba yake. Nani angembishia? Kabla ya mwezi wa tano hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuiona nguzo hiyo. Aliyeijua alikuwa Vitalis peke yake, naye alikuwa ameshazikwa. Aliyebisha alikuwa Selina, muuza vitenge wa duka la pili. Yeye alikuwa akisema kila wiki ufa unashuka, na kwamba shata la duka lake siku hizi linakwama linapofungwa. Watu walimwambia apake grisi.

Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, Suud aliifunga ile picha kwenye gazeti akateremka nayo. Alikuta marobota matatu ya Selina yamefungwa kamba, yako mlangoni.

"Naondoka leo, mzee," Selina alisema. "Bora niuze vitenge barabarani kwenye jua."

"Baba, mwambie dada Selina aache kututisha," Huda alisema. "Mimi mwenyewe sasa nikisikia kitu kimedondoka narukaruka."

"Tulieni. Leo tutajua." Suud alifungua gazeti. "Hii aliichora Vitalis mwezi wa kwanza. Dada yake anasema ni nguzo hii. Sasa sikilizeni. Kama ni hii kweli, basi mwezi wa kwanza ufa ulikuwa unaishia kwenye tundu la juu. Leo umeyapita yote matatu, uko magotini. Ufa unaotembea hivyo si wa plasta. Tunatoka wote, na mimi nitambeba Huda na mitandio yake kwa kichwa changu. Lakini kama siyo hii, hatuna sababu ya kumwita Abdulhadi mwongo."

Aliiinua picha kando ya nguzo. Aliitazama picha, akaitazama nguzo, akarudi nyuma hatua mbili kama alivyozoea dukani, na moyo wake ukatua. Ilifanana, ndiyo. Lakini kwenye picha matundu yalikuwa kushoto mwa mstari, na kwenye nguzo yalikuwa kulia. Mstari wa picha uliinama upande mmoja, ufa wa nguzo uliinama upande mwingine.

"Siyo," alisema.

"Labda alikosea kuchora," Selina alisema.

"Mtu aliyekaa miaka minne anaitazama nguzo hii hawezi kukosea kulia na kushoto. Na mimi siwezi kukosea. Kazi yangu ni hiyo." Aliiviringa picha kwenye gazeti lake. "Ni mistari yake ya kisasa hii, au ni nguzo ya kwingine."

Selina aliyatazama marobota yake, kisha akamtazama Suud machoni. "Kwa hiyo nikae, mzee?"

Palikuwa na neno dogo la kusema hapo, nalo ni sijui. Lingetosha kabisa. Lakini Suud alikuwa hajalitumia kwa muda mrefu, na tena alitaka sana Huda abaki na kile kicheko chake.

"Kaa," alisema. "Mwanangu mwenyewe yumo humu humu."

Selina alicheka, akajishika kifua, akaanza kufungua kamba. Alimsukumia Suud soda ya baridi na kukataa katakata kulipwa. Kabla ya jioni Abdulhadi alikuwa ameshapata habari, na aliyepanda na aliyeshuka ngazi zile aliambiwa kwamba Suud wa fremu, yule mwenye macho, amekwenda na kupima mwenyewe.

Ijumaa alasiri Stella alikuja kuchukua picha. Suud alikuwa ameimaliza: fremu nyeusi nyembamba, kioo safi, kazi ya kujivunia. Stella aliipapasa ukingo, machozi yakamlengalenga, kisha akatoa kitu kingine kwenye mkoba. Kilikuwa kipande cha bati zito la zinki, ukubwa ule ule wa mraba mweusi.

"Nimelikuta kwenye begi lake. Ndilo alilochorea. Unaweza kuliweka pamoja na picha, baba?"

Suud alililaza mezani kando ya picha, akalitazama mara moja, akalisukuma pembeni. "Hili ni la picha nyingine, mwanangu."

"Ni la hii hii."

"Tazama vizuri. Hapa matundu yako kulia."

"Ndivyo yanavyokuwa, baba," Stella alisema kwa upole, kama mtu aliyewahi na yeye kuelezwa. "Hakuwa anachora kwenye karatasi. Bati linapakwa nta, anachora juu yake kwa sindano, halafu analilaza kwenye asidi. Asidi inakula pale sindano ilipopita. Ndipo anapaka wino na kukandamiza karatasi. Ukiibandua karatasi, cha kulia kimehamia kushoto, cha kushoto kimehamia kulia. Ndiyo maana tarehe aliandika kwa penseli mwishoni. Angeichora kwenye bati ingetoka kinyumenyume."

Mkono wa Suud ulikwenda wenyewe kwenye droo, ukatoa muhuri wa duka. Miaka thelathini na moja amegonga risiti kwa muhuri. Aliugeuza uso wake juu, akaziona herufi za jina lake zimegeuka, zinaanzia kulia, kama zilivyokuwa siku zote.

"Alilichora akiwa wapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Pale pale chini. Anakaa mbele ya nguzo na bati mapajani. Nilikuwa nampelekea chakula, namkuta hivyo."

Suud alilichukua bati, akatoka. Hakufunga duka. Stella alibaki amesimama katikati ya fremu, anamwita.

Aliteremka zile ngazi akihema, akawapita watu bila salamu, akaliinua bati kando ya nguzo. Lilikubali. Tundu kwa tundu, mwinamo kwa mwinamo, hata vile vijimistari vya pembeni vilikuwa pale pale kwenye saruji, vingine vimeshakua na kuwa nyufa kamili. Vitalis hakuwa amekosea chochote. Na ule ufa, ambao Jumatano ulikuwa magotini, sasa ulikuwa umefika chini, na kigae cha sakafuni kilichopokea ncha yake kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Suud aliweka kiganja kwenye nguzo. Kulikuwa na unga mwembamba unatiririka ndani ya ufa, polepole, bila kukoma.

Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu utotoni.

"Huda, simama. Toka."

"Kuna nini, baba? Nina mteja."

"Toka nje, mwanangu. Nguzo ni hii. Picha zake zinatoka zimegeuka. Mimi ndiye sikujua."

"Juzi umesimama hapo hapo ukasema—"

"Nilikosea."

Huda alimtazama baba yake. Hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake, na pengine ndilo lililomtoa kwenye kiti, si nguzo. Mteja aliondoka. Suud alishusha shata, akatia kufuli lake mwenyewe, akaweka ufunguo kwenye mfuko wa kanzu. Kisha alizunguka duka kwa duka akirudia maneno yale yale: nilikosea, tokeni. Wengine walicheka. Wengine waliuliza leo amekula nini. Selina hakucheka, alichukua mkoba wake, akamfuata hadi barabarani.

Huko nje walimkuta Abdulhadi, ameshapigiwa simu.

"Bwana Suud, unanifukuzia wapangaji?"

"Jengo lako linaanguka, Abdulhadi."

"Jumatano halikuanguka, leo linaanguka. Kwa sababu ya bati." Alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi namwamini Suud wa Jumatano. Yule alikuwa ametulia, ana picha mkononi, anapima. Huyu wa leo simjui."

Watu waliangua kicheko, na Suud akajiona mdogo. Alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, akakuta karani anafunga dirisha; akaambiwa aandike barua, Jumatatu itapokelewa. Aliiandika pale pale kwa kusimama. Jioni hiyo Huda hakumsemesha mezani. Aliuliza jambo moja tu, ufunguo uko wapi, na Suud akajibu kwamba ufunguo anao yeye.

Jumamosi saa tatu asubuhi Suud alikuwa amesimama juu ya ngazi za kushukia andagraundi. Mafundi wa Abdulhadi walikuwa wameshapita. Walikuwa wamekoroga saruji, wameuziba ufa, wamesawazisha, na juu yake wamepaka rangi nyeupe ambayo hata haijakauka. Matundu matatu nayo yalikuwa yamezibwa. Nguzo ilikuwa safi kama ya benki, na watu walikuwa wakishuka kuitazama, wakaridhika, wakafungua maduka.

Saa nne kasorobo Selina alikuja akiwa ameshika simu sikioni. Aliikata alipomwona.

"Shikamoo mzee."

"Selina, usishuke."

"Wameziba, mzee. Nimetumiwa picha."

"Wameziba macho yetu. Ndani ni vile vile."

"Nina mteja wangu wa Komoro, anaondoka leo mchana. Nusu saa tu, nimkabidhi mzigo." Alimtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa wazee. "Halafu nimefikiri, mzee wangu. Jumatano ulitazama kwa makini. Jana ulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu haoni sawasawa."

Suud alimshika mkono wa blauzi. Aliushika kweli, kwa nguvu. Watu wawili waliokuwa wakipanda walisimama wakawatazama, mzee wa Kiarabu aliyevaa kanzu amemng'ang'ania mke wa mtu kwenye ngazi. Mmoja aliuliza, "Vipi mama, kuna tatizo?" Suud aliona aibu. Vidole vyake vikalegea.

"Hakuna tatizo," Selina alisema, akashuka.

Saa nne na dakika kumi ghorofa likaketi. Ndivyo walivyosema walioona: halikuanguka upande, liliketi chini, orofa juu ya orofa, na vumbi likatoka madirishani. Suud alikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa bado akihesabu ile nusu saa. Huda, aliyekuwa nyumbani amekasirika, alifika anakimbia bila viatu, akamkuta baba yake anachimba kifusi kwa mikono kati ya vijana, kanzu imechanika, anaita jina la Selina, si la bintiye. Alimkumbatia kwa nyuma, akamshikilia hivyo hivyo, wala Suud hakugeuka.

Abdulhadi alikuwa kwake Upanga, anakunywa chai.

Selina walimtoa Jumapili alfajiri. Siku hiyo hiyo huko Magomeni Stella aliitundika picha ya kaka yake kwenye msumari, bila ya bati, na ndugu wa Masasi waliisimamia wakauliza ni kitu gani.

Msiba wa Selina ulikuwa Tabata. Suud alikwenda na Huda Jumatatu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na Huda, aliyejua anapanga nini, alimwambia, "Baba, si lazima." Chini ya turubai walimkuta Gaudens, mume wa marehemu, mtu mrefu wa Songea, macho mekundu. Alipomwona Suud alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante kwa kuja, mzee. Tumeambiwa ulivyojaribu. Tumeambiwa ulisimama pale kwenye ngazi. Mungu akulipe."

Watu walioketi karibu walitikisa vichwa, wakamtazama Suud kwa heshima. Huda alimbana kiwiko. Ingekuwa rahisi sana kusema amina na kutafuta kiti.

"Gaudens, mwanangu," Suud alisema. "Jumatano alikuwa ameshafunga marobota. Yalikuwa mlangoni. Aliniuliza akae au aondoke, na mimi ndiye niliyemwambia akae. Sikuwa na uhakika. Nilijifanya ninao."

Alingoja aachiwe mkono. Alitaka aachiwe, alitaka apigwe hata kofi mbele ya watu. Gaudens hakuuachia.

"Najua, mzee. Alinieleza." Gaudens aliinamisha kichwa, sauti ikawa ya chini. "Alikuwa na wiki mbili hapati usingizi kwa ajili ya ile nguzo. Jumatano alirudi anaimba. Akapika, akala, akalala mpaka asubuhi."

Mtu alileta kiti cha plastiki, na Huda akamsaidia baba yake kukaa.